Sardinia kwa pikipiki: siku nane, na kwa nini barabara moja niliirudia mara tatu

MLETA UZI

Wakuu, salaam.

Mwezi wa tano nilikuwa Sardinia, kisiwa cha Italia, siku nane kwa pikipiki, kilomita 1,140. Kabla ya kwenda nilitafuta maelezo kwa Kiswahili nikakosa. Nikasoma ya Kitaliano na ya Kijerumani, mazuri tu, lakini yameandikwa na watu waliokua wakiendesha upande wa kulia wa barabara. Sisi wa upande wa kushoto tuna hatari zetu ambazo wao hawazifikirii kabisa, na moja nusura inimalize. Nitaieleza mbele.

Nijitambulishe kidogo. Nimeendesha bodaboda miaka mitatu kwenye milima ya Usambara, Tanzania, Mombo hadi Lushoto na kurudi, abiria, kabichi, mitungi ya gesi, chochote kilichopata kamba. Sasa naishi Italia, karibu na Modena, nafanya kazi kiwanda cha vigae, na nina pikipiki ya cc 500, silinda mbili, niliyoinunua ikiwa imeshatumika. Tangu nijue kuendesha, sikuwahi kupanda pikipiki bila kupiga hesabu ya jioni ya tajiri, na huku bila kuwahi zamu ya kazi. Hii ndiyo safari yangu ya kwanza ya kwenda kwa sababu nataka kwenda.

Msimamo wangu nautoa mapema: Sardinia usiizunguke. Ni kisiwa cha pili kwa ukubwa Bahari ya Mediterania baada ya Sisilia, kama kilomita za mraba 24,000, na ukitaka kuikamata pwani yote kwa wiki moja utarudi na idadi ya kilomita na maumivu ya mgongo. Chagua upande wa mashariki, lala sehemu mbili tatu, uache milima ikuzoee.

Nilivuka kwa meli ya usiku, Livorno kwenda Olbia. Kwa wasiowahi kupandisha pikipiki kwenye meli kubwa: sakafu ni chuma, mara nyingi ina maji au oili, kwa hiyo panda polepole bila kugusa breki ya mbele. Ukifika wanapokuelekeza, weka gia namba moja, stendi ya pembeni, funga usukani. Wafanyakazi watapitisha mkanda juu ya siti na kuukaza kwenye pete za sakafuni. Mkanda ule unachuna siti. Mimi nilikunja kanga ya mama nikaiweka chini yake. Toa kila unachohitaji usiku, maana meli ikiondoka milango ya sehemu ya magari hufungwa mpaka mfike.

Saa moja asubuhi nikawa Olbia. Wageni wengi hukata kaskazini kwenda Costa Smeralda, pwani ya watalii matajiri, nami nilikwenda, kwa sababu moja: kumwona Aga Khan, marehemu Karim, wa upande wa pili. Sisi tunamjua kwa hospitali za Dar, Nairobi na Mombasa, na kwa shule. Alipokuwa mtoto aliishi Nairobi. Kumbe ndiye aliyeongoza wawekezaji walioanzisha Costa Smeralda mwaka 1962, wakati pale palikuwa malisho ya mbuzi na mawe matupu, akaweka masharti kwamba nyumba zisipite urefu fulani na rangi zifanane na ardhi. Alifariki Februari 2025. Nilisimama Porto Cervo, nikatazama zile nyumba za rangi ya udongo zilivyojificha kwenye miamba, nikafikiria wodi ya wazazi alimozaliwa mdogo wangu. Hisia ya ajabu, mtu mmoja kugusa sehemu mbili zilizo mbali hivyo. Barabara yenyewe haina cha kumfundisha mwendeshaji: magari mengi, mageti mengi. Saa mbili zinatosha.

Kutoka hapo nikashika SS125, barabara ya taifa, kwenda kusini mpaka Dorgali. Olbia hadi Dorgali ni kama kilomita 110 na nyingi ni laini. Nikalala. Kesho yake ndipo safari ilipoanza, naandika sasa hivi.

MLETA UZI

SS125, Dorgali hadi Baunei. Kama kilomita 45. Wenyewe wanaiita Orientale Sarda, yaani ya mashariki ya Sardinia.

Ukitoka Dorgali unapanda. Mkono wa kulia kuna bonde refu, ng'ambo yake milima ya chokaa myeupe inayoitwa Supramonte, imepasuka pasuka kama kisigino cha mkulima. Kwenye mpasuko mmoja ndipo lilipo korongo la Gorropu, ambalo kuta zake zinafika mita 500. Lami ni nzuri. Magari machache mno. Mwezi wa tano, siku ya kazi, nilihesabu saba kabla ya kufika kileleni. Kilele ni Genna Silana, mita 1,017, na pale mbuzi wamelala katikati ya barabara kama waliopangishwa. Nguruwe nao wanatembea wenyewe, weusi, na watoto nyuma. Hawakimbii pikipiki. Hilo liweke kichwani kabla hujaingia kona usiyoona mwisho wake.

Mara ya kwanza niliipita vibaya. Nilikuwa natazama bonde, na pikipiki huenda unakotazama, huu si usemi, ndivyo mwili unavyofanya kazi: macho yakienda kulia, bega linafuata, mkono unasukuma usukani. Kona mbili niliingia kwa kasi isiyofaa, nikashika breki ndani ya kona, pikipiki ikainuka ikataka kwenda moja kwa moja. Nilifika Baunei mikono imekakamaa. Nikanywa kahawa nikiangalia bahari chini, nikajiuliza nimekuja kufanya nini.

Mchana nikarudi nayo kaskazini. Sasa upande wangu ni wa ukuta wa mwamba, bonde liko ng'ambo ya njia ya wenzangu, kwa hiyo macho yalitulia. Nikaanza kusikia kitu nilichokisahau tangu Usambara. Pale tulikuwa na pikipiki ya cc 150 na mzigo wa kilo mia. Ukipoteza mwendo kwenye kona huupati tena, kwa hiyo ulijifunza kupanga: punguza ukiwa bado umenyooka, chagua gia, kisha ingia na mafuta kidogo kidogo mpaka utoke. Miaka ya barabara pana za huku, yenye injini inayosamehe kila kosa, ilikuwa imeniharibu. Nilirudi kwenye desturi ya kabichi. Gia ya tatu, wakati mwingine ya pili, breki mapema, kichwa kimegeuka kabisa kutazama kona inakoishia. Kilomita 45 zikapita sijakaza mkono hata mara moja.

Mara ya tatu nilitoka Dorgali saa kumi na mbili asubuhi, jua bado halijaingia bondeni. Sikuendesha haraka. Injini ilikuwa inanong'ona, ubaridi wa mlima unaingia shingoni, harufu ya majani makavu na ya mbuzi. Genna Silana nilizima pikipiki nikakaa ukutani nusu saa. Kengele za mbuzi tu. Miaka mitatu nilipita juu ya maporomoko ya Soni, njia ya Lushoto, kila siku, mahali pazuri kuliko pengi nilipopaona, na sikuwahi kuzima injini pale hata mara moja, kwa sababu mtu aliyesimama haingizi hela. Nililia kidogo, sioni haya kusema.

MDAU WA NAIROBI

Boss, hii ni story tamu sana. Mimi ni mtu wa nduthi pia, weekend tunapanda Mai Mahiu. Niambie kuhusu leseni. Leseni ya Kenya itanifikisha huko ama nitarudishwa? Na nikikodisha, wanaangalia nini?

MLETA UZI

Karibu ndugu yangu. Kwa mgeni wa matembezi, Italia inataka leseni ya kwenu iliyo hai, yenye daraja la pikipiki, pamoja na kibali cha kimataifa cha udereva. Kibali kitolewe nyumbani kabla hujasafiri, na hakikisha muhuri wa daraja la pikipiki upo, si wa gari peke yake. Mkazi mambo ni mengine: ukishatimiza mwaka mmoja wa ukazi, leseni ya nje haitumiki tena. Mimi ilibidi nianze mwanzo kama mtoto, mtihani wa nadharia kwa Kitaliano, kisha uwanjani. Nikachukua daraja la A2, ambalo mwisho wake ni nguvu ya kilowati 35. Cc 500 yangu inaingia humo, na kwa Sardinia sikuhitaji hata chembe zaidi.

Wakodishaji watataka kadi ya benki ya kuzuia dhamana, na umri au uzoefu hutegemea ukubwa wa pikipiki. Kabla ya kuondoka nayo, piga picha kila mkwaruzo, na angalia tairi mwenyewe. Usione aibu kuinama.

Mafuta: vijijini pampu ni chache, na mchana wengi hufunga. Inabaki mashine ya kujihudumia, na baadhi zinakataa kadi za kigeni, kwa hiyo weka noti za euro kumi na ishirini mfukoni. Mimi tanki likifika nusu nilijaza. Barabara za kulipia kisiwani hazipo, hata ile kuu ya SS131 kutoka Cagliari hadi Porto Torres ni bure.

MDAU WA MOMBASA

Assalam aleikum. Ndugu, hujatueleza ile hatari ya mkono wa kulia. Nina mdogo wangu anataka kwenda na mkewe, nataka nimsomee.

MLETA UZI

Waaleikum salaam, kaka. Tena vizuri umeniuliza.

Siku ya nne nilijaza mafuta kijiji kimoja cha mlimani. Pampu ilikuwa upande wa kushoto wa barabara, hakuna gari, jua la saa nane, nimetulia. Nikatoka, nikashika njia ya kushoto. Wala sikuhisi kasoro. Miaka sita naendesha Italia! Lakini barabara ilikuwa tupu, nyembamba, ya mlima, ina mbuzi, na mwili wangu ukaamua tuko Usambara. Nilikwenda kama mita 200. Kwenye kona likatokea gari dogo la mzee mmoja, limekuja uso kwa uso. Yeye ndiye aliyekwepa, akaingia majanini. Nikasimama nikimtetemekea. Alishuka, akaniangalia, akaniuliza kama nimeumia. Hakunigombeza. Hilo lilinichoma zaidi.

Mjini hukosei, kwa sababu magari mengine yanakuonyesha njia. Unakosea penye utupu: ukitoka pampu, ukitoka kupiga picha, asubuhi barabara ya kwanza. Baada ya siku hiyo nilichana ukingo wa ile kanga, nikaufunga kwenye kioo cha mkono wa kulia. Kila nikipanda nauona, nasema kwa sauti: kulia. Mwambie mdogo wako afanye hivyo na mkewe aliye nyuma awe anauliza.

La pili ni la kona, na hili hata walimu wa udereva hawakunieleza. Kwetu, ukiendesha kushoto, kona ya kulia ndiyo inayokulaza kuelekea katikati ya barabara. Huku ni kinyume: kona ya kushoto. Tairi zako ziko upande wako halali, lakini pikipiki imelala, na kichwa na bega lako vimevuka mstari wa kati. Basi la watalii likija, halipigi tairi, linapiga kichwa. Kwa hiyo kona ya kushoto usiyoona mwisho, kaa mbali na mstari, upande wa nje wa njia yako, na usianze kulala mapema. Subiri uone kona inakofunguka. Desturi niliyotoka nayo Lushoto ilinitaka nifanye hivyo kwenye kona za upande mwingine, na ilinichukua siku mbili kuigeuza.

MLETA UZI

Naendelea. Siku ya nne na ya tano nilikuwa Ogliastra, ndani ya milima.

Gairo ya zamani, Gairo Vecchio, ni kijiji kilichohamwa baada ya mafuriko ya mwaka 1951 kuufanya mlima uteleze. Nyumba zimesimama bila mapaa, ngazi zinapanda kwenda hewani, kuta bado zina rangi ya buluu za vyumba vya watu. Niliegesha nikatembea nje yake tu.

Ulassai napapenda mno. Kijiji kimekaa chini ya jabali wima. Msanii Maria Lai alizaliwa hapo mwaka 1919, na mwaka 1981 kijiji kilipotaka akitengenezee mnara wa kumbukumbu ya waliokufa vitani, akakataa, akasema tufanye kitu kwa ajili ya walio hai. Wakachana vitambaa vya buluu, jumla kilomita 27, wakavipitisha mlango kwa mlango, nyumba kwa nyumba, mpaka wakakifunga kijiji kizima na mlima ulio juu yake. Kati ya nyumba zenye urafiki waliweka fundo, penye mapenzi wakatundika mkate, na penye ugomvi kitambaa kilipita kikiwa kimenyooka. Watu wa vijiji tunaelewa mara moja ukweli wa jambo hilo. Ugomvi haukufichwa. Barabara ya kutoka Jerzu kupanda Ulassai nayo ni kona juu ya kona, fupi, ipite bila haraka.

Sasa bendera. Sikutaka kuandika, ila mtu mweusi akienda ataiona kila mahali: kwenye magari, baa, chupa za bia. Msalaba mwekundu na vichwa vinne vya watu weusi. Mara ya kwanza nilishtuka, kusema kweli nilikasirika. Imetoka zama za wafalme wa Aragon, na vichwa vile vinahesabiwa ni vya Wamoor, yaani Waislamu wa Afrika Kaskazini, walioshindwa vitani. Baadaye kitambaa kilichokuwa kipajini kikawa kinachorwa kimefunika macho. Mwaka 1999 sheria ya mkoa ikakirudisha kipajini, macho yakawa wazi. Jioni moja Fonni, mji ulio juu kuliko yote kisiwani, mita 1,000, nilimuuliza mzee niliyekaa naye baa. Akaniambia wao Wasardinia wametawaliwa na kila aliyekuja kwa meli, na anapoitazama bendera anajiona yeye kwenye vile vichwa, si aliyevikata. Sijui kama naikubali tafsiri yake moja kwa moja. Ila alinilipia kahawa, akanikatia jibini ya kondoo kwa kisu chake, tukakaa mpaka giza. Nimeiweka hapa kama nilivyoipokea.

Sehemu hizo, Barbagia, utaona vibao vya barabara vina matundu ya risasi. Usiogope, ni mazoea ya wawindaji na ya zamani. Watu wake ni wakimya mpaka uwasalimie. Nenda Orgosolo ukaone kuta zilizochorwa. Michoro ilianza mwaka 1969, inazungumzia ardhi, vita, wachungaji. Nilikaa pale asubuhi nzima nikisoma kuta.

MDAU WA ARUSHA

Mkuu, nimesoma kwa pumzi moja. Gharama je? Na miezi gani? Mke wangu anasema tusubiri Agosti, watoto wamefunga shule.

MLETA UZI

Agosti kataeni, shemeji anisamehe. Italia nzima iko likizo, pwani imejaa, vyumba bei juu, joto kali, na suti ya pikipiki kwenye joto lile unaivua, ukiivua ngozi iko wazi. Mei, Juni mwanzoni, au Septemba mwishoni. Mei mlimani asubuhi ni baridi, bebeni sweta.

Mafuta nilitumia kama lita 42, karibu euro 76. Kulala nilichagua nyumba za watu wanaokodisha chumba na kifungua kinywa. Chakula cha mlimani kinatosheleza: kuna culurgiones, tambi zilizojazwa viazi na jibini ya kondoo, zimefungwa kwa vidole kama mshono wa suke, na mkate mkavu mwembamba kama karatasi ambao wachungaji walibeba miezi. Mimi nilifunga mikate ile kwenye begi la nyuma, mchana nakaa chini ya mti na jibini na nyanya.

Angalieni upepo. Unaoitwa maestrale unatoka kaskazini magharibi, na ukivuma, daraja na kona zilizo wazi zinasukuma pikipiki upande mzima. Siku ya saba nilikuwa barabara ya Bosa kwenda Alghero, pwani ya magharibi, kama kilomita 45 bila kijiji katikati, bahari chini, tumbusi wakubwa wanazunguka juu ya majabali. Watu wanaisifu na wana haki. Lakini upepo ulikuwa mkali, nilipunguza mpaka hamsini, na nilipofika Alghero nilishukuru Mungu nikalala. Kwa hiyo siwezi kuwapa hukumu yake.

MDAU WA LUSHOTO

Shikamoo kaka. Mimi niko Lushoto, naendesha bado, mwaka wa pili huu. Nauliza tu, zile kona za huko na zetu zipi ngumu?

MLETA UZI

Marahaba mdogo wangu. Umenifurahisha kuliko wote.

Za kwenu ni ngumu zaidi, nakuambia kwa dhati. Huku lami ni pana, kuna kingo za chuma, hakuna lori la mbao linaloteremka limezima injini kuokoa mafuta. Hakuna matope mekundu yaliyomwagwa na mvua usiku. Anayepanda Lushoto na abiria wawili na mtungi anafanya kazi ambayo hawa jamaa wenye pikipiki za bei ya nyumba hawajawahi kuifanya, na hakuna anayemwita mwendeshaji hodari.

Ukishuka na mzigo, pale chini ya Soni, weka gia namba mbili kabla ya kona, siyo ndani ya kona, na uache injini ikushikilie. Breki ya mguu iguse na kuachia, usiikalie, itachemka na utabaki bila kitu. Helmeti ifunge kamba ya kidevu hata kama unakwenda dukani. Upepo wa tairi pima asubuhi, siyo ukishapakia.

Na siku moja ambayo hesabu imetimia mapema, simama pale juu ya maporomoko, zima pikipiki, kaa dakika kumi. Kisha uniandikie hapa unasikia nini, maana mimi sikuwahi kujua.